Sijambo ya Kilo Arobaini na Moja

2 Februari

Njiti wangu,

Salamu utazikuta chini ya barua, nafasi ikibaki. Kwanza kazi.

Juzi umeondoka hapa na lori la mbao umejikunja pembeni ya dereva, hata mkanda wa kiti haukukuona. Nimerudi ndani nikamkuta Kibonge anatafuta viatu vyako mlangoni. Nikamwambia mama kaenda mjini kutafuta mwili, akiupata atarudi. Akanishika mashavu kwa mikono miwili, kama anavyofanya akitaka nimsome mdomo, akaniuliza, "Kwani mwili wake umepotelea wapi?" Mtoto wa miaka mitatu huyo.

Sasa nisikilize, maana kwa simu hatuwezani. Mashine hii ya kusaga imeshanila masikio yote mawili, ukipiga nasikia mvumo tu kama unaongea kutoka ndani ya pipa. Kwa hiyo tutaandikiana, dereva atabeba kila anapopita.

Ulivyoniandikia NGANO kwenye kiganja siku ile hospitalini, nilicheka. Nilidhani daktari kakukataza hadithi za sungura na fisi. Kumbe ni ngano hii hii ya mkate, eti utumbo wako haupatani nayo. Ngano hapana, shayiri hapana, maziwa nayo hapana mpaka tumbo litulie. Halafu mtu huyo huyo anaambiwa anenepe! Si kumfunga mbuzi mdomo ukamwambia ashibe?

Lakini mwenye mashine hashindwi na unga. Gunia hili dogo ni lako: mchele, mtama, ufuta na karanga. Nimepembua punje kwa punje, hakuna ngano humo hata ya kumdanganyia kuku. Mashine nimeisafisha mwenyewe kabla sijasaga, sikumwachia mtu, safi kuliko masufuria ya hospitali. Koroga uji mzito asubuhi, mchana na jioni.

Na makubaliano yako palepale. Ulipozimia kule mjini, karakanani kwenu, na mtoto mgongoni, kichwa chake kilipita jirani kabisa na kona ya meza ya chuma. Sitaki kulisikia hilo tena. Daktari kasema ukifika kilo arobaini na nane utakuwa na nguvu za kumbeba. Mimi nasema hamsini, sipendi namba yenye mkia. Ukifika hamsini njoo umchukue mwanao. Kabla ya hapo, thubutu! Baba yake alikwenda kununua betri za redio na mpaka leo hajarudi, kwa hiyo mwenye sauti hapa ni mimi.

Karatasi imeisha. Salamu zitakuja na lori lijalo.

Shangazi yako


24 Februari
(hii haikupanda lori)

Shikamoo Shangazi,

Nimeshuka. Nilikuja huku na arobaini na nne, leo mizani ya kliniki imesema arobaini na tatu, na nilikuwa sijavua sweta.

Sielewi, Shangazi. Uji wako ni mtamu, nakunywa mpaka nalamba mwiko. Lakini haupiti muda tumbo linajaa kama limepigwa pampu, kisha naanza safari za chooni. Kliniki kuna dada wa lishe, mpole, haongei kwa kufoka. Kaniambia nisijilazimishe sahani kubwa, nile kidogo kidogo mara nyingi. Wali nitie kijiko cha mafuta. Parachichi, mayai, viazi, maharage, karanga za kuponda. Kasema nisikimbilie soda na sukari, huko ni kuidanganya mizani, misuli haipati kitu. Hata kanifundisha kusimama na kuchuchumaa taratibu nikiwa nimeshika kiti, ili nyama ikija ijue pa kukaa. Yote nafanya. Na uji wako juu yake. Nakosea wapi?

Bosi kanitoa kwenye fremu za makochi. Siwezi tena kunyanyua hata upande mmoja. Kanikalisha kwenye kona ya sponji nashona vifungo vya mito, na wenzangu wananitania kwamba upepo ukivuma nifungwe kwenye mguu wa meza. Nacheka nao. Nikifika chumbani nalia.

Naogopa Kibonge atanisahau. Na nikikwambia nimeshuka najua utakavyosema, kwamba unga haukosei, mkosaji ni mimi, na mtoto atakaa huko mpaka


24 Februari

Shikamoo Shangazi,

Sijambo kabisa, sijui wewe na Kibonge wangu. Uji wako ni dawa. Nimefika arobaini na sita! Sketi ya kijani imeanza kunibana kiunoni, na bosi kaniuliza nakula nini siku hizi.

Ukipata nafasi nitumie mwingine, huu unaelekea mwisho. Mbusu mwanangu kwenye kisogo, ndipo anapopenda.

Mimi Njiti, ambaye karibu utamtafutia jina jingine


10 Machi

Njiti wangu, au sasa nikuiteje, Gogo?

Salamu baadaye, nina furaha. Barua yako nimemsomea muuza mkaa, nimemsomea mwokaji mikate, nimewasomea wanawake wote waliokuwa kwenye foleni na madebe yao. Mwokaji kasema nikufanyie tangazo nibandike mlangoni. Arobaini na sita! Nilijua tu. Mtoto niliyemkuza mwenyewe anishinde kunenepa?

Nakutumia gunia kubwa zaidi. Sasa kunywa vikombe viwili kila mara, usinionee haya.

Kibonge naye hajambo. Jina linamfaa, katoa kitumbo mbele kama mwenye nyumba anayekuja kudai kodi. Wageni wote wanakipigapiga. Ila siku hizi ana kisirani, analia ovyo, na mchana analala hata wakati wa kucheza. Choo chake usiombe, paka anahama chumba. Nadhani ni meno ya nyuma. Mwokaji humletea vipande vya pembeni vya mkate, alikuwa anavipenda, sasa anauma kimoja anakiacha.

Usiwe na wasiwasi. Kula tu.

Salamu zako zimekosa nafasi tena.

Shangazi yako


18 Machi

Shikamoo Shangazi,

Nimesoma habari za kitumbo cha Kibonge mara nyingi. Naomba usikasirike, ninakuuliza tu.

Mikono yake ikoje? Si tumbo, mikono. Na mapaja, na makalio. Ukimvua nguo akisimama, makalio yamejaa au ngozi inaning'inia? Nywele zake je, bado nzito? Nimemweleza dada wa lishe wa kliniki ya huku, kaacha kuandika, kanitazama. Kasema ugonjwa wangu hutembea katika damu, mama anaweza kumpa mwana, na tumbo la mtoto kutokeza si lazima liwe shibe. Mimi mwenyewe nilikuwa na tumbo kama hilo. Unaikumbuka ile picha yangu nimesimama kando ya mashine, nimevaa chupi tu, miguu kama vijiti na tumbo mbele? Mkanipa jina, mkacheka. Hakuna aliyejua.

Naomba umpime kwenye mizani yako ya magunia. Uniandikie kilo zake tu.

Na jambo jingine, dada huyo kaniuliza unga wangu unasagwa wapi, na kabla ya wangu mashine ilisaga nini. Nimemwambia wewe ni msafi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Lakini kaniomba nikuulize, unaisafishaje?

Mimi Njiti


27 Machi

Wewe Njiti,

Leo hata salamu sikuahidi.

Umekwenda mjini kutafuta mwili umepata ujuzi wa kulea? Nani alikulea wewe, dada wa lishe? Mama yako alipofariki ulikuwa unatambaa, nikakuweka kwenye kikapu kando ya mkanda wa mashine, ukakua na vumbi la unga kwenye kope. Leo unanitaka nimvue mtoto nguo nikague makalio kama ng'ombe wa mnadani! Na mizani ya magunia ni ya magunia. Mimi sipimi binadamu kama mahindi.

Unauliza nasafishaje. Haya, mwambie huyo dada, ajifunze. Ukisaga karanga na ufuta, mafuta yanaganda kwenye nyundo za mashine na kwenye chekeche. Maji hayatiwi, yataleta kutu na uvundo. Kinachofuta mafuta ni pumba za ngano, kavu. Mwokaji huniwekea. Wateja wengine nawapitishia konzi moja tu. Wako wewe, kila mara, kabla sijamimina mchele wako, napitisha debe zima la pumba za ngano mpaka mashine inatoa harufu ya mkate, ili usionje hata vumbi la mahindi ya watu. Nani mwingine anafanyiwa hivyo? Hata mwokaji mwenyewe hafanyiwi!

Na kama unga una kasoro, wewe umenenepaje? Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, arobaini na sita, sketi inabana. Au nimesoma vibaya?

Tena kwa sababu hiyo hiyo, Kibonge nimeshamwanzishia uji wako. Mkate kaukataa, basi nampa uji vikombe vitatu kwa siku. Unaomnenepesha mama utamnenepesha na mwana.

Shangazi yako, kama bado unaye


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Kama mashine inasaga, izime kwanza, ukae.

Pumba za ngano ni ngano. Zinazobaki kwenye chekeche baada ya debe zima zinaingia kwenye mchele wangu, na mimi kiasi cha kushika ncha ya kidole kinanitosha kuumwa siku nzima. Umekuwa ukinisafishia mashine kwa kitu kile kile nilichokatazwa. Kadiri unavyonipenda ndivyo unavyoongeza debe. Dada wa lishe aliposikia alishika kichwa, akasema tangu aanze kazi hajakutana na jambo la namna hii.

Na ndiyo, umesoma vizuri, mimi ndiye nilikudanganya. Sijawahi kuiona arobaini na sita. Sketi ya kijani naifunga kwa pini mbili. Wiki hii niko arobaini na moja, na jana karakanani nilishika ukuta kutoka mashine ya kushonea mpaka mlangoni.

Si kwamba nilitaka kukufanya mjinga. Wewe ndiye uliyenifundisha. Mtu akiuliza hujambo unajibu sijambo, hata kama una homa, hata kama maiti iko chumba cha pili. Ugonjwa unatajwa baadaye, kama utatajwa. Basi barua yangu ile ilikuwa sijambo, ila ndefu. Nilikuogopa. Niliogopa kukuvunja moyo, na zaidi niliogopa utasema mtoto haji. Sasa umemnywesha mwanangu uji kwa ajili ya sijambo yangu, na hilo sitajisamehe.

Nitasema na hili. Hamsini sijawahi kufika tangu nizaliwe, na unajua, kwa sababu jina la Njiti ulinipa wewe. Kuna siku nakaa nawaza kwamba ulitaja hamsini ili mtoto asiondoke. Najua ni vibaya kuwaza hivyo juu yako. Nimeliandika na silifuti.

Kaa naye, Shangazi. Sikudai. Lakini mpeleke hospitali, dereva akikupa barua hii leo, kesho mwende. Waambie mama yake ana ugonjwa gani, wamtoe damu. Chakula usimbadilishie mpaka wampime, dada kanisisitizia sana, akiacha ngano mapema kipimo nacho kinaweza kudanganya kama mimi. Baada ya hapo daktari ndiye aseme.

Nakuomba. Nimepiga magoti hapa kwenye vipande vya sponji.

Mimi mwanao


14 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Sijapata jibu lako. Lori limepita mara mbili, mikono mitupu.

Leo nimemdaka dereva kabla hajazima injini. Anasema mashine yako imefungwa, mlango una kufuli, wateja wanarudi na madebe yao vichwani. Siku ya soko! Tangu nizaliwe hujawahi kufunga siku ya soko, hata siku ya mazishi ya mama ulifungua jioni. Nimemuuliza mtoto yuko wapi, anasema hajui, yeye ni wa mbao.

Nitukane. Niandikie matusi ukurasa mzima, nitayasoma yote. Lakini niambie Kibonge yuko wapi.

Njiti


19 Aprili

Njiti,

Uliandika nizime mashine nikae. Mimi barua huanza kuisoma baada ya salamu, unanijua, kwa hiyo nilisoma nimesimama na mashine inanguruma. Nilipofika kwenye pumba nikazima. Sijaiwasha tena.

Kwanza nilikasirika, nisikufiche. Nilikukasirikia wewe, na mwokaji, na huyo dada ambaye hata sura simjui. Nilikaa kwenye gunia natunga barua ya kukung'oa nyusi. Kibonge akaja, akanishika mashavu. Nikaishika mikono yake ili niitoe, maana nilikuwa na hasira. Nikaishika, Njiti. Nikazungusha vidole vyangu juu ya kiwiko, vikakutana, vikapishana. Kila siku namwogesha mtoto yule. Kila siku nilikuwa naangalia tumbo.

Nikampima kwenye mizani ya magunia. Alicheka, alidhani ni bembea. Kilo kumi, na viatu. Kuna magunia ya pumba pale nje ni mazito kuliko yeye. Nililia jamani, nililia kwa sauti ambayo sikuisikia, nikajua ni kubwa kwa kuwa muuza mkaa alikuja mbio.

Hospitali tulilazwa, ndiyo maana ya kufuli, jana tumerudi nyumbani. Wamemtoa damu, wamerudia tena wahakikishe, na jibu ni lile lile lako. Daktari kaniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana alichoka kupiga kelele: AMEWAHIWA. Anasema utumbo wa mtoto hupona upesi akiachishwa. Tangu juzi anakula wali na yai lililopondwa, kijiko kimoja, anapumzika, kijiko kingine. Jana usingizini alitabasamu. Leo kamfukuza paka.

Sasa ile hamsini. Umeandika ulichowaza na hukukifuta. Mimi nami sitakupa jibu la kukupendeza. Nyumba hii ina mvumo kichwani mwangu na mtu mmoja tu anayejua kunishika mashavu ili nimsikie. Ulipopanda lori siku ile nilikuhurumia kweli, na nikafurahi kidogo kwamba anabaki. Vyote viwili vilikuwemo. Unga nao nilikusagia kwa upendo wa kweli, mwanangu, usije ukawaza vingine.

Makubaliano yamekufa. Ukiwa na arobaini na moja, ukiwa na thelathini, mtoto ni wako. Jumamosi napanda naye lori. Wewe hutambeba mgongoni mpaka uwe na nguvu, mgongo ni wangu mpaka hapo, nitafutie pa kulala hata kwenye hizo sponji zenu. Nakuja na kinu cha kutwangia, kipya, fundi kakichonga wiki hii, hakijui ngano inafananaje. Nitawatwangia kwa mkono, wewe na yeye, mbele ya macho yako. Na huyo dada wa lishe nataka kumwona. Aniandikie kwa herufi kubwa kila kisichotakiwa, nami nina maswali yangu.

Safari hii nimeacha nafasi chini kwa ajili ya salamu.

Hujambo, mwanangu? Usinijibu kama nilivyokufundisha.

Shangazi yako


22 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nina jambo.

Nina kilo arobaini na mbili na robo, za leo asubuhi, bila sweta. Tangu niache ule unga tumbo limeanza kunyamaza, chakula kinakaa. Jana nilinyanyua upande wa kochi dogo, nikaushusha haraka, lakini niliunyanyua. Nikilala naogopa, nikiamka nina njaa, njaa ya kweli, nilikuwa nimeisahau ilivyo. Nimekukasirikia, na nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Nimemaliza.

Nimetandika vitanda viwili. Njooni.

Njiti